Siku Tano kwa Ajili ya Hatua Arobaini

Ndugu zangu, mmeniuliza mlangoni mwa kanisa, mmeniuliza kwenye mashine ya kumenyea kahawa, na juzi mmoja wenu alinifuata mpaka zizini nikiwa nakamua. Wote mnauliza jambo moja: Anaeli, wiki ile ulikwenda wapi, na ilikuwaje? Nimejibu vipande vipande hata sasa vipande vyenyewe havifanani. Basi nimeketi kuandika yote kwa mpango, kituo kwa kituo, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi. Habari za kuomba ruhusa na kutafuta mtu wa kuangalia ng'ombe naziacha. Naanza na sababu.

Kilichonitoa nyumbani

Waliohamia Akeri karibuni hawamjui Mwalimu Loishiye. Ni Mwarusha. Baba yake alipata shamba kwetu Umeruni zamani, akakaa, naye Loishiye akasoma hapa, akabatizwa hapa, akafundisha watoto wetu kusoma. Baba alipofariki, ndugu zake wasio Wakristo walikusanyika chini ya mtini wao kufanya tambiko. Mimi wakati huo nilikuwa katibu wa wazee wa kanisa, na nilisifiwa kwa jicho kali na mwandiko mzuri. Nilikuwa napita njia ya juu kwenda kikaoni. Nikamwona Mwalimu amesimama katikati yao, ameshika kibuyu cha tambiko kwa mikono miwili. Nikatoa daftari, nikaandika saa, mahali na majina ya waliokuwapo. Kisha nikaenda zangu, maana nilikuwa nimechelewa.

Taarifa ilisomwa Jumapili, na msomaji nilikuwa mimi. Mwalimu akaulizwa kama alishika kibuyu. Akajibu kwamba alishika. Alipotaka kuendelea akaambiwa inatosha. Akatengwa na Meza ya Bwana, akaachishwa ualimu, na kabla ya mvua za vuli alikuwa amehama na mke wake.

Miaka miwili baadaye kaka yake, Lemburisi, alinikuta soko la Tengeru. Akaniambia kwamba kibuyu kile Mwalimu alimnyang'anya yeye, akakimwaga chote kwenye majani mbele ya wazee wa ukoo, akasema hatalisha mti. Ukoo ukamkana palepale.

"Sisi tulimfukuza Ijumaa kwa kumwaga," alisema Lemburisi, "na ninyi mkamfukuza Jumapili kwa kushika. Mtu huyo alibaki na siku moja tu ya kupumzika."

Nilikaa na habari hiyo miaka minne. Sikuandika uongo, nilijiambia, niliandika nilichokiona. Ndipo wakaja watu wa uamsho, mnakumbuka, na watu wakaanza kusimama na kutubu hadharani. Nami nilisimama. Nilisema yote, nililia, mkaniimbia, mkanishika mikono. Wiki nzima nilitembea mwepesi kama gunia tupu. Kisha Bibi Ndeanka, yule mwenye shamba chini ya mfereji, akanisimamisha nikienda kufungulia maji.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Baba Elia. Umetuambia sisi. Sisi ulitukosea nini?"

Hakusema zaidi. Alichukua jembe lake akaenda. Meza ya Bwana ilikuwa imetangazwa kwa Jumapili ya tatu kutoka siku hiyo, nami nilijua kwamba nikipiga magoti pale kabla sijamwona Loishiye, mkate ule utanikwama kooni.

Nikafanya kama mtu wa kwetu afanyavyo. Nilichimba isale moja changa, ule mmea wetu wa majani marefu, pamoja na mizizi yake, nikalifunga kwa ganda la mgomba. Ninyi mnajua, lakini naandika kwa ajili ya wageni: mtu akikuletea isale kuomba radhi, humkatai, hata kama amekuchomea nyumba. Kwa hiyo niliondoka na uhakika mkubwa. Leo naona uhakika ule ulikuwa wa namna gani. Sikwenda kuomba kitu. Nilikwenda na kitu kisichokataliwa.

Akeri hadi Nduruma

Niliondoka Jumatatu baada ya kukamua. Habari niliyokuwa nayo ilisema Loishiye ni karani katika shamba kubwa la kahawa la mzungu mmoja huko Nduruma, kwa hiyo niliteremka kusini. Nilikuwa na koti langu la kanisani, Biblia, daftari, ndizi sita za kuchoma, na isale begani.

Mpaka Tengeru safari ilikuwa ya heshima. Kwetu aliyebeba isale haulizwi. Watu walinipisha njiani, akina mama wakanyamaza nilipopita, na mzee mmoja alivua kofia. Nilijikuta natembea kifua mbele. Nilikuwa nimebeba kosa langu hadharani na linanipatia sifa! Ilinichukua siku kadhaa kuliona hilo. Siku ile nililiona kama baraka.

Huko chini jua ni kali na vumbi ni jekundu. Nilifika shambani jioni, nikaambiwa nimngoje nyapara mpaka asubuhi, nikalala juu ya magunia katika kambi ya vibarua. Alfajiri kipande cha reli kikagongwa, watu wakapanga mstari, nami nikapanga ili nipate nafasi ya kumuuliza nyapara. Nilipofika mbele yake akanipa jembe. Nikasema namtafuta karani.

"Huu ni mstari wa majembe," akasema. "Mstari wa makarani sijawahi kuuona. Kipande chako utanionyesha mchana."

Nikaanza kueleza, lakini alikuwa ameshampa jembe mtu wa nyuma yangu. Basi nikapalilia. Nililiweka isale kivulini nikapalilia mistari mitatu ya kahawa ya watu na koti langu likiwa limefungwa kiunoni. Kibarua wa pembeni yangu alikuwa Mnyaturu, jina lake Mkumbo, mtu mzima mwenye kicheko cha taratibu. Huyo ndiye aliyenijibu.

Alisema karani Loishiye alikuwapo, ila aliondoka tangu mvua za mwaka juzi, akaenda kwa ukoo wa mke wake huko ng'ambo ya Kisongo. Alipokuwapo aliwasomea vibarua barua zao na kuwaandikia majibu. Jumapili aliwakusanya chini ya paa la ghala akawafundisha. Mchungaji alipokuja na mkate na kikombe, Loishiye ndiye aliyepanga mabenchi na kufua kile kitambaa cheupe.

"Kisha akatoka nje," alisema Mkumbo. "Kila mara. Watu wakila, yeye yuko nje amekaa juu ya gogo. Sisi tulidhani ana ugonjwa wa tumbo, hawezi mkate."

Nilisimamisha jembe. Nyapara akapaza sauti kutoka upande wa pili kuuliza kama nimeota mizizi. Nikaendelea kupalilia, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Miaka yote aliyokaa pale yule mtu alitii hukumu ambayo hakuna hata mmoja huko aliyejua kwamba ipo. Angeweza kuingia akala, na nani angemzuia?

Saa sita nilirudisha jembe. Nyapara alikagua mistari yangu akasema ni mizuri, nibaki. Nilipokataa alikasirika kama mtu aliyeibiwa.

Nduruma hadi mto Themi

Mchana huohuo wa Jumanne mvua ilinikuta njiani, na nilipofika mto Themi maji yalikuwa yamepanda juu ya magogo ya daraja. Watu wa ng'ambo walisimama kule, sisi huku, tukitazamana. Kando ya njia palikuwa na banda la chai la mama mmoja Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, wateja wakimwita Mama Tekla. Alinitazama mimi na isale langu linalodondosha maji, akasema niingie kabla mimi na mmea hatujaota wote wawili.

Nilikaa kwake mpaka Alhamisi asubuhi. Alinilaza jikoni kwenye joto, akanilisha mtori mzito wa ndizi na mandazi, na kwa malipo nilichambua maharage, debe moja na nusu, nikitoa mawe. Isale alilitia kwenye ndoo ya maji lisinyauke. Yeye kama Mchaga alijua maana yake, kwa hiyo hakuuliza ni nini. Aliuliza nimemkosea nani.

Nikamsimulia kwa mpango, toka mtini mpaka Tengeru. Alisikiliza huku anakanda unga. Nilipofika mahali pa kutubu mbele ya usharika, akacheka.

"Ninyi Walutheri mnaambia kanisa zima," alisema. "Sisi twamwambia padri peke yake. Na wote twamkwepa mwenyewe."

"Ndiyo maana naenda, Mama. Na isale ninalo."

"Ninaliona. Mume wangu aliniletea isale mara tatu. Mara ya nne nilimwambia isale aliache nje, aingie yeye."

Nikacheka kwa adabu nikaendelea na maharage. Naandika hapa kwa uaminifu kwamba maneno yale niliyaona kuwa mzaha wa mama wa banda la chai. Nilikuwa bado nina hakika na mmea wangu. Hata nililiongezea maji.

Themi hadi Sombetini

Alhamisi maji yalishuka. Nilivuka, nikaingia mjini na matope mpaka magotini, nikapita kwenye baraza za maduka ya Wahindi ambako mafundi cherehani walinitazama kuanzia chini kwenda juu. Nilipata nafasi juu ya lori linalokwenda Kisongo kuchukua mahindi. Tulikuwa watu saba juu ya magunia matupu. Tulikwenda kwa muda wa kama kuvuta sigara mbili, kisha pale Sombetini chuma kikalia chini yetu, lori likainama upande mmoja kama ng'ombe anayelala. Springi ilikuwa imekatika. Dereva alirudi mjini kwa miguu kutafuta nyingine, akamwacha utingo atulinde, ingawa hatukuwa na kitu cha kuibiwa.

Sombetini ni malisho na nyumba moja hapa, nyingine kule. Tulikaa kwenye majani mchana kutwa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimetoka katika nchi ya isale. Abiria mmoja, mchuuzi wa ngozi, alikuwa ameshika shavu toka mjini. Alilitazama isale, akaitazama Biblia, akanisogelea.

"Mganga," akasema kwa heshima zote, "na ya meno unayo?"

Nikamweleza kwamba mimi si mganga. Hakuamini mara moja. Alidhani naficha dawa kwa kuogopa serikali. Ikanibidi nieleze safari yote, na abiria wengine wakasogea, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine. Mchuuzi akasahau jino. Akataka kujua nitamwambia nini huyo Mwalimu nitakapofika.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Akeri, kwa hiyo nikasimama nikamwonyesha. Nilianza kwamba kwa wadhifa wangu nilipaswa kutoa taarifa ya yale niliyoyaona, na kwamba baada ya muda yakapatikana maelezo mengine...

"Ngoja," alisema mchuuzi. "Hiyo ni taarifa. Huyo mtu si umeshamwandikia taarifa?"

Abiria wakaangua kicheko, na utingo akarudia maneno yale mara mbili kwa utamu wake. Nililala Sombetini usiku ule na watu wale, mwenyeji mmoja akatupatia maziwa ya mgando, na nilipolala niliyafuta maneno yangu ya kwanza. Ya pili hayakuja.

Sombetini hadi ng'ambo ya Kisongo

Ijumaa asubuhi springi ilifungwa, tukafika Kisongo bila kisa. Kutoka hapo nilitembea kuelekea vilimani, nikiuliza njia. Nchi ni pana, miti michache, ng'ombe wengi, na hapa na pale mashamba mapya ya mahindi na maharage. Nilikatiza kando ya shamba moja. Kila nilipopita kona nilisimama kutazama pande zote, na kwa desturi yangu nilitoa daftari nikaandika nilichokiona, ili nisipotee wakati wa kurudi.

Wanaume watano walitokea mbele yangu na fimbo zao. Mkubwa wao alikuwa Mzee Saning'o, mrefu, jicho moja lina mtoto wa jicho. Nikatoa shikamoo, hakuitikia. Alinyosha mkono, mmoja wao akachukua daftari, mwingine akachukua isale.

Fikirini walichokiona. Mgeni mwenye koti, anatembea mpakani mwa shamba, anasimama kwenye kila kona, anaandika, na begani amebeba isale lenye mizizi, tayari kupandwa. Na isale kazi yake ya pili ni nini? Mimi mwenyewe nimelipanda kuzunguka shamba langu lote. Ndiyo mipaka yetu. Na wao, kwa kukaa jirani na Wameru, walilijua kwa kazi hiyo tu. Mwaka ule watu wengi walikuwa na hofu ya kupimiwa ardhi. Kwao nilikuwa karani wa Boma la serikali niliyekuja kuwapandia mpaka.

Waliniketisha chini. Kiswahili cha mzee kilikuwa kidogo, kwa hiyo mkwe wake, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akawa mkalimani. Nikaeleza mara moja, wakabishana kwa Kimaasai. Nikaeleza mara ya pili. Mzee akauliza: kama umemkosea mtu, mti huu unamsaidia nini? Nikasema mtu akiuona hawezi kukataa. Mkwe alipotafsiri hilo, walitazamana, na mzee akauliza swali ambalo yule mama aliona aibu kidogo kulitafsiri.

"Anauliza, kwa hiyo unakwenda kumfunga kamba?"

Nilikuwa natafuta jibu wakati mmoja wa vijana alipopiga kelele. Tuligeuka. Isale walikuwa wameliegemeza kwenye ua, na mbuzi jike mwenye madoa alikuwa juu yake. Majani yote yalikuwa yamekwisha isipokuwa moja lililoning'inia mdomoni, na hilo nalo likaingia ndani tukiwa tunatazama. Kilichobaki kilikuwa kijiti na mizizi.

Mzee Saning'o alicheka mpaka akakaa chini. Wote walicheka, hata mtoto mgongoni. Alipopata pumzi alisema maneno machache, na mkwe akatafsiri: "Mbuzi amekula shauri lako. Nenda na mdomo."

Kisha wakanirudishia daftari, wakanipa loshoro, yale mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, bakuli kubwa, nami nilikula yote kwa kuwa nilikuwa na njaa na sikuwa tena na kitu kingine cha kushika. Mkwe akanisindikiza mpaka mahali pa kunionyesha nyumba ya Mwalimu. Loishiye walimjua sana. Ndiye anayewasomea karatasi za Boma.

Nyumbani kwa Mwalimu

Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe nje ya nyumba yake. Amezeeka kuliko miaka sita. Alinitambua kabla sijafika, akaweka chini mpini.

"Katibu," alisema.

Nikamwamkia. Akaitikia kwa adabu, akanipa kigoda. Mke wake, Naishi, alinitazama kutoka mlangoni. Hakunisalimu, lakini mgeni ni mgeni. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, akaniwekea mikononi. Kilikuwa kizito, kimejaa. Nilikishika kwa mikono miwili kisimwagike.

Loishiye aliutazama mkao wangu. Kisha akaelekeza kidole kwenye njia ya juu ya nyumba.

"Sasa, Katibu. Mtu akipita pale juu, akakuona hivi. Aandike nini?"

Sikuweza kunywa wala sikuweza kukiweka chini.

"Nijibu. Siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

"Njia ya juu," nilisema. "Penye ule mgomba ulioinama."

"Mgomba huo ninaujua. Kutoka pale mpaka mtini ni hatua arobaini. Nimezihesabu, nilikuwa na muda. Arobaini, Katibu. Ungeteremka ungesikia kila neno. Ungefika nikiwa bado namwaga."

Ndugu zangu, yale maneno niliyoyapanga Akeri, na yale niliyoyatafuta Sombetini, hayakuwepo. Nilisema yaliyokuja. Nilimwambia sikuteremka kwa sababu sikutaka kuteremka. Alikuwa mwalimu aliyependwa kuliko sisi wazee, na nilipomwona na kibuyu moyo wangu ulifurahi, na niliogopa kwamba nikikaribia nitakuta si hivyo. Hilo sikulisema siku ya kutubu mbele yenu. Sikulijua mpaka lilipotoka mdomoni. Nikamwambia pia juu ya Lemburisi na ile miaka minne. Nikamwambia kuhusu gogo la Nduruma.

"Nimekukosea, Mwalimu. Sikuja na kitu. Isale nililokuletea limeliwa na mbuzi wa Mzee Saning'o."

Naishi ndiye aliyecheka kwanza, kwa ghafla, mkono mdomoni, kama mtu aliyejikasirikia kwa kucheka. Loishiye hakucheka. Lakini aliuliza ni mbuzi yupi, nikasema yule wa madoa, akatikisa kichwa kama kusema huyo anamfahamu.

Hakusema amenisamehe. Nataka liandikwe hivyo, kwa kuwa wengine mmeshaanza kusimulia kwamba tulikumbatiana. Alisema ninywe maziwa. Nikanywa. Kisha akasema kwamba taarifa ya kwanza ilisomwa mbele ya watu, na yeye alinyimwa nafasi ya kumaliza sentensi yake. Anataka imalizwe. Isomwe mahali palepale, na mtu yuleyule.

"Bila machozi," alisema. "Penye machozi watu wanasikiliza machozi tu."

"Na utakuja, Mwalimu, Jumapili ya Meza ya Bwana?"

"Nitafikiri. Ninyi mlinifukuza kwa siku moja. Niacheni nifikiri kwa zaidi ya siku moja."

Nililala kwao. Asubuhi kabla ya kuondoka Naishi alichuma nyasi mbichi kando ya njia, akampa mume wake, mume akazishika kidogo, akazitia mkononi mwangu. Kwa watu wa Kimaasai nyasi ni amani. Au ni mwanzo wake, sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza kutodai mengi kutoka kwenye majani.

Kurudi

Kurudi hakuna habari. Lori la mahindi lilikuwa linarudi mjini Jumamosi, springi ilishika, na kutoka mjini nikapata gari lingine mpaka Tengeru. Umbali ambao nilitumia siku tano kuumaliza ulikwisha kati ya asubuhi na jioni. Nilipopita chini ya shamba la Bibi Ndeanka alikuwa anavuna magimbi. Aliangalia bega langu tupu, akaniuliza isale limepokelewa na nani. Nikamwambia. Alicheka, akanipa magimbi mawili.

Kesho yake, Jumapili, mlikuwapo. Nilisoma bila machozi, kurasa mbili, pamoja na ile sehemu ya furaha ya moyo wangu, ambayo nilitamani kuiruka nilipokuwa naiandika. Wazee wakamfungulia Mwalimu Meza ya Bwana, nami nikajiuzulu ukatibu. Wengine mmesema nilizidisha. Sikuzidisha. Nilidhani kukua katika Kristo ni kupanda ngazi: mshiriki, mzee, katibu. Safari ile ilinifundisha kuteremka, na kuteremka kwenyewe ni hatua arobaini tu. Nasema hili bila mashaka, kwa sababu nimelitembea.

Lililobaki mliliona wenyewe, lakini hamkulisikia, na ndilo mnaloniuliza zaidi. Jumapili ya Meza ya Bwana nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilikuwa nimeamua: Mwalimu akiwa bado juu ya gogo lake, mimi siendi mbele. Wimbo wa kwanza uliisha, wa pili ukaisha. Mchungaji alikuwa ameshafunua kile kitambaa cheupe nilipoona ninyi mlioko mbele mnageuka mmoja mmoja. Sikugeuka. Nilisikia viatu, vya mtu aliyetoka mbali, vikisimama kando yangu.

"Daftari liko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nyumbani."

"Vizuri. Sogea, Anaeli."

Nikasogea. Akakaa, na Naishi akakaa upande wake. Tulipoitwa tuliinuka wote watatu, na mimi, kwa tabia yangu, nilihesabu hatua mpaka madhabahuni. Lakini nilipofika nilikuwa nimeisahau hesabu, kwa kuwa njiani Mwalimu alinishika kiwiko.